Vibao Vinne na Kiwiko

Saa saba na dakika ishirini mchana, kisanduku kilianza kujipigia chenyewe.

Mwalimu alikuwa amegusa uzi mmoja tu wa gitaa lake la besi, kujaribu sauti. Radi, mpiga dramu, alikuwa nyuma ya meza na vijiti vyake viwili hewani, hajagusa kitu. Spika za ukumbi zikatoa pigo moja kavu la dramu, kimya kidogo, halafu mapigo mengi yakafuatana kwa fujo kama gunia la viazi lililomwagika kwenye ngazi.

Fundi wa sauti wa ukumbi, mwanamume mnene aliyevaa kofia ya sufu ingawa mle ndani kulikuwa na joto, akashusha sauti yote. Kukawa kimya.

"Sikupiga," Radi alisema, akiviinua vijiti vionekane.

"Tumeona, dada," fundi wa sauti alijibu. "Sasa nani kapiga?"

Wote wakamgeukia Sindano, aliyekuwa amepiga magoti kando ya meza, laptopu yake ikiwa juu ya kiti cha plastiki. Yeye ndiye aliyekitengeneza kisanduku kile. Alihisi masikio yanawaka moto. Nyumbani kilikuwa kimefanya kazi miezi mitano bila kukosea hata mara moja.

"Nipeni dakika kumi," alisema.

Sindano na Radi ni ndugu wa tumbo moja. Mkubwa ni Radi. Jina hilo alipewa na watu waliokuwa wakija kuisikiliza bendi, kwa jinsi alivyokuwa akiipasua ngoma bila uso wake kuonyesha kwamba anatumia nguvu. Mdogo anaitwa Sindano kazini kwake, kwenye kiwanda cha kushona sare za shule, ambako ndiye fundi wa vyerehani. Vyerehani mia moja na ishirini vinapita mikononi mwake, na yeye mwenyewe ni mwembamba, kwa hiyo jina likamganda.

Miaka miwili na ushei kabla ya siku hiyo, gari la bendi liligongwa na lori kwenye mteremko. Wanabendi wengine walitoka na mikwaruzo. Radi alitoka na uti wa mgongo ambao haupeleki tena habari miguuni. Na dramu kubwa, ile inayokaa chini na kuubeba wimbo mzima, hupigwa kwa mguu. Aliporudi kutoka hospitali akiwa kwenye kiti cha magurudumu, alimwomba mama yao aiondoe seti ya dramu sebuleni. Mama akaifunika shuka chumbani kwake, na kwa miezi kumi na minne hakuna mtu mle nyumbani aliyethubutu kulitaja neno dramu.

Halafu Jumapili moja, Sindano akiwa anamenya vitunguu na redio inapiga, alimwona dada yake anaugonga mkono wa kiti kwa kiwiko cha kushoto. Wala hakuwa anajua kwamba anafanya hivyo. Sindano aliweka kisu chini akasikiliza. Kiwiko kilikuwa kimeshika zamu ya mguu, pigo kwa pigo.

"Dada," aliuliza, "ukipewa kitu cha kupiga kwa kiwiko, utapiga?"

Radi alikitazama kiwiko chake kana kwamba ni cha mtu mwingine. "Kitu gani?"

"Sijui bado."

Alikuwa hajui kweli. Alisoma kwenye simu, akatazama video za watu wanaojitengenezea ala mezani kwao, akajaribu, akaunguza vidole kwa lehemu, akajaribu tena. Kilichotoka mwishoni kilikuwa droo ya kabati la zamani iliyopinduliwa. Juu yake kulikuwa na vibao vinne vya bati vilivyovikwa mpira wa zulia la mlangoni, na chini ya kila kibao kisahani chembamba cha shaba, cha aina ile inayolia ndani ya saa ya mezani. Kisahani hicho kikitikiswa, hutoa umeme kidogo. Kisahani cha tano alikifunga kwenye mkono wa kushoto wa kiti cha magurudumu, pale kiwiko kinapofika. Waya zote zilikwenda kwenye bodi ndogo kama kiberiti, na bodi ilikuwa na kazi moja tu: kuiambia laptopu ni kibao kipi kimepigwa na kwa nguvu kiasi gani. Laptopu ndiyo iliyotoa sauti ya dramu. Lugha ambayo bodi huitumia kuiambia laptopu inaitwa midi, na siku ujumbe wa kwanza ulipofika, Sindano alitoka mbio mpaka uani na kurudi mbio, kwa sababu hakujua aifanyie nini kingine furaha ile.

Radi alipiga mara moja. Akapiga mara ya pili, polepole. Kisha akaomba aachwe peke yake sebuleni, na mlango ulipofungwa hawakumwona tena mpaka chakula kilipopoa.

Ilimchukua miezi mitano kukifundisha kiwiko adabu. Sasa ilikuwa Jumamosi ya kurudi jukwaani. Onyesho lilitangazwa saa kumi kamili alasiri, na mlango wa ukumbi ungefunguliwa saa tisa na nusu.

Sindano alianza na kilicho rahisi zaidi, kama afanyavyo kiwandani. Alibadilisha kebo inayotoka kwenye bodi kwenda kwenye laptopu. Mwalimu akagusa besi, kisanduku kikajibu. Akaifunga programu na kuifungua upya, kikajibu. Akaizima laptopu nzima, wakaingoja iwake huku Radi akipiga mluzi, na ilipowaka, kisanduku kikaendelea pale pale kilipoachia.

"Kina kiherehere," Radi alisema. "Kimeona ukumbi mkubwa."

Mwalimu, ambaye siku za kazi anafundisha hesabu sekondari na siku nyingine ndiye kiongozi wa bendi, alikuwa anatembea toka ncha moja ya jukwaa hadi nyingine. "Huwezi kukipunguza masikio?" aliuliza. "Kiambie kisisikie vitu vidogo."

Lilikuwa wazo zuri, na Sindano alilifanya. Ndani ya bodi aliweka kiwango: pigo lililo dogo kuliko hapo halihesabiwi. Alipokipandisha, fujo ilipungua. Akakipandisha tena, ikaisha kabisa.

"Piga sasa, Dada."

Radi akapiga. Mapigo makubwa yalitoka sawasawa. Lakini katikati ya mapigo makubwa, Radi ana yale madogo, ya kugusagusa, ambayo sikio halina habari nayo ila kiuno kinayasikia. Hayo hayakutoka. Wimbo ukawa kama mtu anayesoma barua huku akiruka kila neno la pili.

Radi akasimamisha vijiti. "Huyu si mimi."

"Watu hawatajua tofauti," Mwalimu alisema kwa upole.

"Mimi nitajua. Nimekaa miaka miwili bila jukwaa, sikurudi ili nipige nusu."

Sindano akakirudisha kiwango chini. Ilikuwa saa nane kasoro dakika tano.

Fundi wa sauti alikuwa na imani yake, nayo ni kwamba kila kitu kibaya ukumbini kinaletwa na umeme wa taa za jukwaani. Akazima taa zote. Wakabaki gizani, mwanga ukiwa wa laptopu peke yake. Mwalimu akagusa besi. Kisanduku kikajibu kutoka gizani, na mwimbaji wa bendi, ambaye muda wote alikuwa ameketi kwenye ngazi akinywa maji ya moto kulinda koo lake, akaangua kicheko cha wasiwasi. Taa zikawashwa. Sindano akachomoa chaja ili laptopu itumie betri tu. Kikajibu. Akafungua waya za ndani ya droo na kuzitenganisha moja moja. Kikajibu.

Kila alichojaribu kilimpa jibu lile lile, na ajabu ni kwamba hofu yake ilikuwa imeanza kugeuka kitu kingine. Moyo ulimwenda mbio, lakini si kwa woga. Ilikuwa ile hali inayompata kiwandani cherehani kinapogoma bila sababu: hasira kidogo, na hamu kubwa ya kujua.

"Kaka," alimwambia fundi wa sauti, "zima spika. Zote. Mwalimu, wewe piga besi kama ulivyokuwa unapiga, hata kama haisikiki. Dada, usiguse kitu."

Akafungua kwenye laptopu ukurasa unaoorodhesha kila ujumbe wa midi unaoingia, mstari kwa mstari. Mwalimu akapiga bila sauti. Ukurasa ukabaki mweupe.

"Washa."

Spika zikawashwa. Mwalimu akagusa uzi mmoja, na mistari ikamiminika mpaka ikajaza skrini.

"Zima."

Mweupe.

"Washa."

Mistari.

"Kwa hiyo ubaya uko kwenye spika zangu," fundi wa sauti alisema, kama mtu aliyetukaniwa wazazi.

"Sijasema hivyo, kaka. Subiri kidogo."

Alikuwa ameiinamia skrini, pua karibu iguse kioo. Kila mstari ulikuwa na namba ya kibao. Mbili, nne, moja, mbili, tatu, mbili, nne. Akapandisha juu, akashusha, akapandisha tena. Mistari mia na kitu, yote moja, mbili, tatu, nne. Tano haikuwepo hata mara moja.

"Kiwiko," alisema.

"Kimefanya nini?" Radi aliuliza, akikitazama.

"Hakijafanya kitu, ndiyo maana nakishangaa. Vibao vinne vinajipigia. Cha tano, cha kiwiko, hakijajipigia hata kidogo."

Pengine waya wa kiwiko ulikuwa bora kuliko nyingine. Akaubadilisha na waya wa kibao cha kwanza. Kibao cha kwanza kikaendelea na kelele zake, kiwiko kikaendelea na ukimya wake. Pengine kisahani cha kiwiko kilikuwa kizito cha kusikia. Radi akakigusa kwa ncha ya kidole, na mstari ukatokea papo hapo. Kilisikia vizuri tu. Ikabaki tofauti moja. Vibao vinne vilikuwa juu ya meza, na kiwiko kilikuwa juu ya kiti cha magurudumu.

Sindano akaweka kiganja chake juu ya meza. "Mwalimu, piga uzi mnene."

Mwalimu akapiga, na meza ikamtekenya kiganjani.

Hapo Sindano alicheka, hakuweza kujizuia. Jukwaa lilikuwa la mbao, tupu kwa chini, na spika mbili kubwa za besi zilikaa juu ya mbao hizo hizo. Besi ikilia, mbao zinatetemeka. Mbao zikitetemeka, meza nayo inatetemeka, na visahani vinne vya shaba vinaamini vimepigwa. Vinaiambia laptopu, laptopu inatoa pigo, pigo linatoka kwenye spika, na spika zinazitikisa mbao upya. Kisanduku kilikuwa kinajisikia na kujijibu. Nyumbani sakafu ilikuwa ya saruji, na spika yao ilikuwa ndogo kama tofali.

"Nimewahi kuliona hili," aliwaambia, maneno yakimtoka kwa kasi. "Kiwandani, cherehani kimoja kilikuwa kinaruka mishono. Nikabadilisha sindano, nikabadilisha nyuzi, siku tatu nzima. Kumbe upande wa pili wa ukuta walikuwa wamefunga mashine kubwa ya kukata vitambaa, sakafu inatetemeka. Cherehani chenyewe kilikuwa kizima kama mimi na wewe."

"Mkafanyaje?" mwimbaji aliuliza.

"Tukakihamisha."

Wote wakaangalia huku na huku. Jukwaa lilikuwa mbao kutoka ukuta hadi ukuta, spika zilikuwa zimefungwa kwa minyororo, na kule chini viti vya watazamaji vilikuwa vimeshapangwa mpaka miguuni pa jukwaa.

Walijaribu mito. Fundi wa sauti alileta miwili kutoka kwenye viti vya ofisi, mwimbaji akatoa koti lake zito, wakavitandika chini ya droo. Fujo ikapungua kwa nusu. Lakini Radi alipopiga dramu kubwa kwa kiwiko, kibao cha pili bado kiliitikia kwa mbali, kama mtu anayerudia neno la mwisho la kila unachosema. Wakaweka mito chini ya miguu ya meza. Meza ikayumba kama mlevi.

Saa tisa kasoro dakika kumi, Mwalimu akachuchumaa mbele ya kiti cha Radi.

"Nilirekodi mdundo wa nyimbo zote nane," alisema. "Wiki iliyopita, kwa tahadhari tu. Tunaweza kuupiga kutoka kwenye laptopu. Wewe utakuwa jukwaani na sisi, utashika tari."

Radi alimtazama. "Kumbe nilikuwa na tairi la akiba na siambiwi."

"Radi, sikuwa na nia mbaya."

"Najua hukuwa nayo. Na huo mdundo lazima ni mzuri, maana wewe ni mtu wa hesabu. Lakini watu hawatoki makwao kuja kunitazama nikitikisa tari kama mtoto wa darasa la kwanza." Akamgeukia mdogo wake. "Sindano. Kwa nini kiti changu hakitetemeki?"

"Magurudumu yana upepo," Sindano alijibu. "Mpira na hewa, mtetemo unaishia mle. Halafu juu yake kuna wewe. Mwili wa mtu unameza mtetemo kuliko mto wowote."

"Basi kiweke mapajani mwangu."

Sindano hakusogea. Tangu ajali kulikuwa na jambo moja ambalo dada yake hakulivumilia, nalo ni watu kumwekea vitu mapajani. Madukani walimwekea mifuko, hospitalini mafaili, na siku moja jirani alimwekea mtoto mchanga bila hata kuuliza. "Mimi si meza," alikuwa akisema, na kitu chenyewe kikaenda chini, isipokuwa yule mtoto. Ndiyo sababu Sindano, alipokuwa anakipanga kisanduku, hakuthubutu hata kuyafikiria mapaja. Alitafuta meza, basi.

"Una hakika, Dada?"

"Vile vingine walikuwa wananiwekea. Hiki nakiomba mwenyewe. Fanya haraka, tuna dakika arobaini."

Hapo wote wakaingia kazini. Droo ilikuwa pana kuliko nafasi iliyokuwepo kati ya mikono miwili ya kiti. Wa kushoto usingeweza kuondolewa, kwa sababu ya kiwiko. Fundi wa sauti akagundua kwamba wa kulia unachomoka, akauchomoa kwa kuukandamiza na goti huku akiulaani chini chini. Na kwa kuwa Radi asingehisi kama droo inamchubua, Sindano alilikunja lile koti la mwimbaji mara nne, akalitandika juu ya mapaja, akalipapasa lote kwa vidole kusiwe na kifungo upande wa ndani. Mwalimu akavua mkanda wake wa suruali bila kuambiwa, wakaupitisha chini ya kiti ili uibane droo. Haukutosha. Fundi wa sauti akavua wake. Mikanda miwili ikaungana, na wanaume wawili wazima wakabaki wamesimama kila mmoja upande wake wa kiti, wameshikilia suruali kiunoni, wakisubiri kuambiwa kama imefaa.

"Mwalimu, besi," Sindano alisema.

"Nina mkono mmoja tu."

"Huo huo."

Mwalimu akaupiga uzi mnene kwa mkono mmoja. Spika zikanguruma, mbao zikatetemeka chini ya nyayo. Ukurasa kwenye skrini ulikuwa mweupe.

"Tena. Kaka, ongeza sauti."

Mweupe.

"Dada, zamu yako."

Radi akashusha kiwiko. Mstari mmoja. Akagusa kibao cha pili, pigo dogo kabisa. Mstari mmoja, nguvu kumi na mbili kati ya mia moja ishirini na saba, na kutoka kwenye spika likaja pigo jepesi, safi, lililoishia pale lilipotakiwa kuishia. Radi akaongeza mwendo. Vijiti vikashika njia, kiwiko kikaingia chini yake, na yale madogo yakajaa katikati mpaka mwimbaji akaweka kikombe chake kwenye ngazi na kuanza kucheza peke yake. Vinyweleo vya mikono ya Sindano vilisimama. Akasahau kwamba alikuwa anatazama skrini.

"Waambie wafungue mlango," Radi alisema bila kuacha kupiga.

Watu waliingia wengi kuliko viti. Mama yao alikaa mstari wa mbele, ameushika mkoba wake kwa mikono miwili kana kwamba unataka kumtoroka. Pazia lilipofunguliwa na Radi akaonekana mbele kabisa ya jukwaa, si nyuma kama walivyozoea kumwona, akiwa na droo ya kabati mapajani iliyofungwa kwa mikanda ya suruali, mnong'ono ukapita ukumbini. Nyuma yake Mwalimu alikuwa ameketi kitini na besi lake, suruali isije ikamponyoka. Radi hakusalimia mtu. Alihesabu nne kwa vijiti, na wimbo ukaanza.

Nyimbo mbili za kwanza zilipita kama maji. Sindano alikuwa pembeni, nyuma ya pazia, na laptopu mbele yake, akiona kwenye skrini kila pigo la dada yake likishuka kama mvua. Nusu ya ukumbi ilikuwa imesimama. Katikati ya wimbo wa tatu, kibao cha nne kikafa.

Kibao cha nne ndicho kilichokuwa toazi, ule mlio mpana wa shaba unaokifungua kiitikio. Radi alikipiga, kimya. Akakipiga tena, kimya. Akatupa jicho pembeni bila kugeuza kichwa. Sindano alijua papo hapo kilichotokea: walipokuwa wanaihamisha droo waya ulivutwa, na lehemu imeachia. Na hakuna namna ya kulehemu kitu kilicho mapajani mwa mtu anayepiga dramu mbele ya watu mia tatu.

Akakumbuka namba za nguvu. Kwenye kibao cha tatu Radi hakuwa anapita tisini, Sindano alikuwa amezitazama namba hizo miezi mitano. Kwa hiyo kutoka mia kwenda juu kulikuwa na nafasi isiyo na mwenyewe. Aliandika kwenye programu: kibao cha tatu, nguvu moja hadi mia, sauti yake ya siku zote; kuanzia mia na moja, toazi. Akabonyeza. Kiitikio cha pili kilikuwa kinakaribia, na hata angepiga kelele asingesikika. Akatoka nyuma ya pazia ameinama, akanyoosha vidole vitatu hewani, kisha akajipiga ngumi kwenye kiganja chake kwa nguvu zote.

Radi alimwona. Uso wake ulisema hajaelewa. Vidole vitatu, ngumi. Vidole vitatu, ngumi. Sasa hata Mwalimu alikuwa anamtazama Sindano kama mtu aliyerukwa na akili. Kiitikio kikafika, na Radi, ama kwa kuelewa ama kwa kuchoka kubahatisha, akakishukia kibao cha tatu kama anayeua nyoka.

Toazi likafunguka ukumbi mzima.

Radi alicheka. Kipaza sauti cha mwimbaji kilikuwa karibu, kikakinasa kicheko hicho, na watu wote wakakisikia kikitoka ndani ya wimbo. Nusu iliyokuwa imekaa ikasimama. Kuanzia hapo Radi alikichezea kibao kile kama mtu aliyegundua chumba cha ziada nyumbani kwake. Kwenye wimbo wa tano alifanya jambo ambalo hawakulifanyia mazoezi: alishusha mapigo mpaka yakawa ya kugusagusa tu, bendi nzima ikalazimika kunyamaza ili imsikie, akawaweka watu pale, akawaweka tena kidogo, halafu akapasua toazi. Mama alikuwa ameuangusha mkoba sakafuni na anapiga makofi nje kabisa ya mdundo, wala hajali.

Baada ya wimbo wa nane watu hawakutoka. Walipanga foleni mbele ya kiti, wanataka kuigusa droo, na Radi akamruhusu kila mmoja pigo moja. Mwalimu na fundi wa sauti nao hawakuweza kwenda popote, kwa kuwa mikanda yao ilikuwa bado kazini.

"Ule mdundo niliorekodi," Mwalimu alimwambia Radi foleni ilipopungua, "nimeufuta."

"Ungeuacha. Nilitaka kusikia ni wapi ulinikosea."

"Kila mahali," Mwalimu alisema, na akaanza kucheka, na alipoanza hakuweza kuacha.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo, Sindano aliitoa droo na koti, akayakagua mapaja ya dada yake kwa mwanga wa dirishani. Kulikuwa na alama moja nyekundu, ndefu kama kidole. Ngozi haikuwa imechanika.

"Kesho itakuwa imeondoka," alisema.

"Hata isipoondoka."

"Usiseme hivyo, Dada. Nitakutengenezea kinachokukaa mwilini. Hiki kilikuwa cha meza."

Radi alikuwa hajaviachia vijiti. Alikuwa anavizungusha vidoleni, macho yanameta, jasho limemlowesha mgongo wote. "Lini?" aliuliza.

Jumatatu, saa ya chai, msimamizi wa kiwanda alimkuta Sindano ameilalia meza ya kukatia, anachora kwa chaki juu ya karatasi kubwa ya vipimo. Lilikuwa umbo la ajabu, lenye mabonde mawili upande wa chini na mkunjo katikati pa kupisha tumbo. Tangu asubuhi Radi alikuwa amempigia simu mara tatu. Ya kwanza alitaka kibao cha ziada. Ya pili alitaka viwili. Ya tatu alisema wamealikwa kupiga tena mwezi ujao, nje, uwanjani, na je, toazi linaweza kukaa kushoto.

Msimamizi aligeuza kichwa upande huu na upande ule. "Hii ni sare ya shule gani?"

"Si sare," Sindano alisema bila kuinua macho. "Nishikie hapo mwisho, karatasi isijikunje."

Msimamizi akaweka kikombe chake chini, akashika.